Kupima radoni unaponunua au kuuza nyumba Marekani: mwongozo wa hatua kwa hatua

Soko la nyumba likianza kuchangamka, kuanzia Machi hivi, maswali kuhusu radoni, gesi yenye mionzi inayotoka udongoni, huwa yaleyale. Dalali kasema tuongeze kipimo cha radoni, ni lazima? Nani anakilipia? Majibu yametoka 6, nikimbie? Nauza mwenyewe, nina wajibu wa kumwambia mnunuzi? Haya hapa majibu, kwa mpangilio wa kufanya kazi. Yanawalenga Waswahili wanaonunua au kuuza nyumba Marekani, hasa tulioko Iowa, Minnesota, Ohio, Pennsylvania na majimbo ya jirani, ambako karibu kila nyumba ina besimenti, yaani ghorofa ya chini ya ardhi, na udongo wenyewe hauna huruma. Kaunti zote 99 za Iowa zimewekwa na EPA, shirika la serikali linaloshughulikia mazingira, katika kanda ya 1, ambayo ndiyo ya juu kabisa kwa radoni.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: radoni peke yake si sababu ya kuiacha nyumba uliyoipenda. Ni kasoro inayorekebishika, na kwa pesa ndogo kuliko paa bovu. Kinachowaumiza watu ni kupima ovyo, au kupata majibu siku ambayo muda wa kujadiliana umeshakatika.

Nadharia kidogo tu

Radoni ni gesi yenye mionzi inayotokana na urani iliyomo kwenye udongo na miamba. Haina rangi, harufu wala ladha. Nje inapotelea hewani. Ndani ya nyumba hupenya kwenye nyufa za zege, mapengo yanayozunguka mabomba na shimo la pampu ya maji, kisha inajikusanya. Wakati wa baridi hewa ya moto hupanda na kutorokea juu, na nyumba nayo huvuta hewa mpya kutoka udongoni. Ukiivuta kwa miaka mingi inaweza kuleta saratani ya mapafu. EPA inakadiria kwamba Marekani watu wapatao 21,000 hufa kwa mwaka kwa sababu yake, ikiwa ya pili baada ya sigara. Haileti kikohozi wala kuumwa kichwa, kwa hiyo usisubiri dalili.

Namba ya kukariri ni 4. Hicho ndicho kiwango ambacho EPA inasema nyumba irekebishwe: pikokyuri 4 kwa lita ya hewa, kwa kifupi pCi/L. Ni sawa na bekereli 148 kwa mita ya ujazo. Kati ya 2 na 4 EPA inashauri ufikirie kurekebisha. Wastani wa ndani ya nyumba za Marekani ni kama 1.3, na nje ni kama 0.4, kwa hiyo usitafute sifuri.

Andaa haya kabla ya kuanza

- Muda: angalau siku 5 hadi 7 ndani ya kipindi cha ukaguzi kilichoandikwa kwenye mkataba. Hapa ndipo wengi wanapokwama.
- Mpimaji mwenye cheti cha NRPP au NRSB, taasisi zinazotoa vyeti kwa wataalamu wa radoni. Majimbo kama Minnesota, Iowa, Illinois, Ohio na Pennsylvania yana leseni au cheti chake. Omba namba yake na uihakiki mwenyewe kwenye tovuti ya idara husika ya jimbo.
- Pesa ya kipimo. Mtaalamu kwa kawaida huchukua dola 150 hadi 250. Vikebe vya kujipimia ni rahisi zaidi, na idara za afya za baadhi ya majimbo huviuza kwa bei ya chini.
- Ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi, pamoja na ahadi kwamba atafunga madirisha.
- Ripoti zozote za zamani za nyumba hiyo.

Hatua

1. Omba karatasi za zamani. Muulize muuzaji, kupitia dalali, kama nyumba iliwahi kupimwa, lini, chumba gani, na nani alipima. Minnesota, tangu mwaka 2014, muuzaji anatakiwa kisheria kueleza kwa maandishi anachokijua kuhusu radoni ya nyumba yake. Illinois nayo ina sheria ya namna hiyo. Ripoti ikiwa na zaidi ya miaka miwili, au besimenti ikiwa imejengewa vyumba baada ya kipimo, ichukulie kama historia tu na upime upya. Namba ya nyumba ya jirani haikuhusu kabisa: nyumba mbili zilizopakana zinaweza kutofautiana sana.

2. Iandike radoni kwenye mkataba kwa jina. Usiridhike na neno "ukaguzi" pekee. Mwambie dalali aandike mambo manne: kipimo kitafanywa ndani ya siku ngapi, nani analipa, namba gani inakupa haki ya kudai marekebisho (4 au zaidi), na kama msipoelewana unaweza kujitoa na kurudishiwa arabuni yako. Mara nyingi mnunuzi ndiye anayelipia kipimo. Marekebisho ndiyo ya kujadiliana. Dalali akikuambia "hapa mtaani hatupimagi", mjibu kwa upole kwamba wewe unapima.

3. Chagua njia ya kupima. Kwenye mauziano njia nzuri ni mbili. Ya kwanza ni mashine inayorekodi saa kwa saa, iachwe ndani kwa masaa 48 au zaidi. Ya pili ni vikebe viwili vya mkaa unaonasa radoni, vinavyowekwa pamoja kwa wakati mmoja, kisha unachukua wastani. Kikebe kimoja hakitoshi kuamulia bei ya nyumba. Ipo pia ya kupima miezi mitatu au zaidi, na hiyo ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi hali ya mwaka mzima, lakini hakuna muuzaji atakayekungoja miezi mitatu.

Kama pesa inaruhusu, mimi nachagua mashine bila kusita, kwa sababu moja: inaonyesha udanganyifu. Kikebe cha mkaa hakiwezi kukuambia kwamba dirisha lilifunguliwa usiku kucha. Mashine itaonyesha mstari ukianguka ghafla saa 5 usiku na kupanda tena alfajiri, na nyingi zina kihisi kinachorekodi zikisogezwa.

4. Chagua chumba sahihi. Kwenye mauziano kanuni ni kupima sehemu ya chini kabisa ambayo mnunuzi anaweza kuitumia bila kuifanyia ukarabati, hata kama muuzaji haitumii. Besimenti ambayo mwenyewe ameweka maboksi tu inapimwa. Kwetu hili lina uzito wake, kwa sababu besimenti ndiko tunakomlaza mpwa aliyekuja kusoma, au bibi aliyekuja kulea mjukuu, na hao hulala huko miezi mingi. Nyumba isiyo na besimenti hupimwa ghorofa ya chini. Usipime jikoni, bafuni, chumba cha kufulia, kabatini wala ndani ya ule uwazi mfupi wa chini ya sakafu. Chumba cha kulala au cha kucheza watoto ndicho kizuri.

5. Funga nyumba masaa 12 kabla. Madirisha yote, ya ghorofa zote, yafungwe. Milango ya nje ifunguliwe kwa kuingia na kutoka tu. Kiyoyozi cha nyumba nzima au mtambo wa kupasha joto uendelee kama kawaida. Kiyoyozi cha dirishani kiwekwe kwenye kuzungusha hewa ya ndani. Feni kubwa inayovuta hewa ya nyumba nzima izimwe, na sehemu ya kuni isiwashwe kama si ndiyo inayopasha joto nyumba. Feni ndogo ya bafuni au ya juu ya jiko inaruhusiwa kwa muda mfupi.

Hapa tuongee kama watu wa nyumbani. Mwenye nyumba akiwa bado anaishi humo, atakaanga samaki na mkono utakwenda dirishani wenyewe. Acha maandishi makubwa mlangoni na kwenye friji: KIPIMO CHA RADONI, USIFUNGUE DIRISHA, pamoja na tarehe na saa ya kumalizika. Yaandike kwa Kiingereza pia kwa ajili ya madalali wanaoleta wateja wengine.

Ratiba inayofanya kazi vizuri ni hii. Jumamosi saa 2 usiku nyumba inafungwa, Jumapili saa 2 asubuhi kipimo kinaanza, Jumanne saa 2 asubuhi kinatolewa na kutumwa siku hiyohiyo. Ukikitoa Jumamosi, vikebe vitalala posta mpaka Jumatatu.

6. Weka kifaa mahali pake. Sentimita 50 au zaidi kutoka sakafuni, karibu mita 1 kutoka dirisha au mlango wa nje, sentimita 30 kutoka ukuta wa nje, na sentimita 10 kutoka kitu kingine chochote. Vikebe viwili navyo viachane sentimita 10. Kisiwe mbele ya tundu la hewa ya moto, juani, wala penye unyevu. Meza ndogo katikati ya chumba inatosha. Piga picha, ili baadaye mtu asije kusema kiliwekwa juu ya mashine ya kufulia.

7. Kiache kwa masaa 48 kamili. Usikisogeze, usikifunike kitambaa. Vikebe vingi huruhusu siku 2 hadi 4. Soma maelezo ya kampuni na uyafuate hayo. Kama utabiri unaonyesha dhoruba kali au upepo mkali usio wa kawaida, ahirisha kipimo kifupi, kwa sababu hali hiyo inaweza kuyumbisha namba. Mvua ya kawaida au theluji haizuii.

8. Kitoe, kifunge, kitume. Kikebe cha mkaa kinaanza kupoteza ushahidi mara kinapotolewa, kwani nusu ya radoni huisha kila baada ya siku 3.8. Kizibe vizuri na ukipeleke posta siku hiyo, kwa usafiri wa haraka. Fomu ijazwe yote: tarehe na saa ya kuanza, tarehe na saa ya kumaliza. Andika saa kwa hesabu ya Kimarekani. Saa 2 asubuhi yetu ni 8:00 AM. Ukiandika 2:00 maabara itakokotoa namba isiyo yako.

9. Soma namba. Kwa mashine, angalia wastani wa kipindi chote, siyo saa moja iliyoruka. Ni kawaida namba kupanda usiku na kushuka mchana. Kwa vikebe viwili, jumlisha ugawe kwa mbili: 4.6 na 3.8 inatoa 4.2, na hiyo inahitaji marekebisho. Lakini kama kimoja kiko chini ya 4, kingine juu, na kikubwa kinazidi mara mbili ya kidogo, kuna hitilafu. Pima upya.

Namba ikitisha, kumbuka kisa cha Stanley Watras wa Pennsylvania. Mwaka 1984 alikuwa akifanya kazi kwenye mtambo wa nyuklia wa Limerick, na ving'ora vya mionzi vikawa vinamlilia yeye. Ikagundulika mionzi ilitoka nyumbani kwake, ambako radoni ilifika kama 2,700. Hata nyumba ile ilirekebishwa na familia ikarudi kuishi humo. Ya kwako yenye 9 inarekebishika.

10. Jadili. Marekebisho ya kawaida ni bomba la plastiki linalotobolewa kwenye zege, na feni inayovuta hewa ya chini ya sakafu na kuitoa juu ya paa. Kazi ni ya siku moja mara nyingi, na bei kwa kawaida ni kati ya dola 1,000 na 2,500, kutegemea ramani ya nyumba.

Una njia tatu: muuzaji arekebishe kabla ya kukabidhiana, akupe punguzo urekebishe mwenyewe, au fedha zishikiliwe na wakala anayesimamia malipo mpaka kazi iishe. Mimi napendelea punguzo. Muuzaji anayehama wiki ijayo atamtafuta fundi wa bei poa, na bomba litapita mbele ya dirisha la sebule. Ila muulize kwanza mkopeshaji wako, maana mikopo mingi ina ukomo wa kiasi anachoweza kukupa muuzaji. Ukikubali muuzaji arekebishe, andika kwamba fundi awe na cheti cha kurekebisha radoni, kipimo cha baada ya kazi kiwe chini ya 4, na hati ya dhamana ya feni iwe kwa jina lako.

11. Pima tena. Baada ya feni kuwashwa, subiri masaa 24 kwanza, kisha pima ndani ya siku 30. Asipime fundi yuleyule aliyefunga bomba. Ukishahamia, rudia kila baada ya miaka miwili.

Kwa muuzaji

Pima kabla ya kuweka kibao. Ukiwa na namba mkononi unachagua fundi kwa nafasi na kulinganisha bei, badala ya kukabwa koo na mnunuzi aliyebakiza siku tatu. Nyumba yenye bomba la radoni na ripoti ya 1.1 inauzika vizuri. Na ukishaijua namba, usiifiche. Kwenye majimbo yenye sheria ya kueleza kasoro, kuficha ni kujitafutia kesi.

Makosa ya kila siku

Kuamini kwamba nyumba mpya haina radoni: umri hauna kinga. Kudhani kwamba bomba lililopo tayari linafanya kazi: nyumba mpya nyingi zina bomba lisilo na feni, na hilo nalo hupimwa; likitoka 4 au zaidi, kuongeza feni ni rahisi. Kwenye bomba lenye feni tafuta kimrija chenye umbo la U chenye maji ya rangi. Pande zote mbili zikiwa usawa mmoja, feni haivuti. Kosa jingine ni kuhangaikia kaunta ya granaiti jikoni huku besimenti haijapimwa. Granaiti ni nadra kuwa tatizo. Udongo ndio chanzo kikuu.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuziba nyufa kwa simenti na kudhani umemaliza. Kuziba husaidia kazi ya feni, lakini peke yake hakushushi namba kwa uhakika.

Mambo yakikwama

*Dirisha limekutwa wazi.* Kipimo kimeharibika. Omba siku za ziada kwa maandishi leo hii, kabla muda haujaisha, kisha funga upya na usubiri tena masaa 12.

*Maabara inasema kikebe kimechelewa.* Hakuna wa kubembeleza. Agiza mashine ya saa kwa saa; majibu yake huweza kusomwa siku inapotolewa.

*Muuzaji anasema alipima na ikatoka 2, wewe umepata 5.* Ulizeni alipima lini na ghorofa gani. Mara nyingi yeye alipima sebuleni, juu, wakati wa kiangazi, wewe umepima besimenti Januari. Kipimo kinachofuata masharti ya mauziano ndicho cha kushikilia.

*Nyumba inatumia kisima chake.* Radoni huweza kuja na maji pia na kutoka hewani unapooga. Kwa makadirio, pCi/L 10,000 kwenye maji huongeza kama pCi/L 1 hewani. Ikiwa hewa imezidi 4, pima na maji.

*Ni apatimenti.* EPA inashauri kupima makazi yote yaliyo chini ya ghorofa ya tatu kwa hesabu ya Kimarekani, ambako ya chini kabisa ndiyo ya kwanza. Ikihitaji marekebisho utashughulika na umoja wa wamiliki wa jengo, kwa sababu zege la chini ni la wote, na hiyo huchukua muda. Anza mapema.

*Namba imebaki 4.5 hata baada ya feni.* Mrudishe fundi. Dhamana nzuri hutaja kiwango cha kufikiwa. Huenda panahitajika tundu la pili la kuvutia, feni yenye nguvu zaidi, au shimo la pampu halijafunikwa.

*Ndugu yako yuko Kanada au Uingereza anataka kufuata mwongozo huu.* Asiufuate wote. Huko kiwango ni bekereli 200 kwa mita ya ujazo, na kipimo kinachopendekezwa ni cha miezi mitatu hivi, kwa hiyo mauziano hayawezi kukisubiri. Uingereza hutumia dhamana ya radoni: sehemu ya bei inashikiliwa na mawakili mpaka majibu yatoke, na kama nyumba inahitaji kurekebishwa, pesa hiyo ndiyo inayolipia. Amwombe wakili wake ailete hoja hiyo kabla ya kubadilishana mikataba.